Busha, dafu na kisu: kwa nini vidonge havikutosha Tanga

Watu wa bara wakitaka kumtania mtu wa Tanga, utani wenyewe uko tayari: "Punguza madafu, utaota busha!" Watu hucheka, yakaisha. Ila mwenye busha hacheki. Hawezi kukwea mnazi wala kuendesha baiskeli. Suruali haimtoshi tena, anabaki na msuli au kanzu. Wapo walioshindwa kuoa kwa sababu hiyo, na wapo waliojificha nyumbani miaka na miaka.

Hebu tumalizane na dafu kwanza. Minazi inapenda joto na unyevu wa pwani, na mbu vilevile. Watu wakaona madafu mengi na mabusha mengi mahali pamoja, wakayaunganisha. Lakini maji ya dafu ukiyanywa yanaishia kwenye mkojo. Hayana njia ya kwenda kujikusanya kwenye mfuko wa korodani.

Mhusika halisi ni mnyoo, na alichukua muda kukamatwa. Mwaka 1863 huko Paris, daktari wa upasuaji Demarquay alichunguza maji ya busha la mgonjwa aliyetoka Cuba, akaona minyoo wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka 1877, Mskoti Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi Amoy nchini China, akaonyesha kwamba minyoo hao hukua ndani ya mbu. Ni minyoo haohao wanaoleta matende.

Na sisi Tanga? Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara. Miaka mingi baadaye Amani ikawa kituo cha kuchunguza malaria na magonjwa mengine ya mbu. Watafiti wa matende na mabusha walilazimika kwenda vijijini usiku, kwa sababu minyoo wachanga hujitokeza kwenye damu kuanzia kama saa nne usiku hadi saa nane. Fikiria mgeni anakugongea mlango muda huo, anataka damu yako, kwenye pwani iliyokulia hadithi za mumiani! Hata hivyo kazi ilifanyika, na katika baadhi ya vijiji walikuta karibu robo ya wanaume watu wazima wana busha. Mmoja wa wanasayansi walioanzia kazi Amani ni Dkt. Mwele Malecela, ambaye baadaye aliongoza mapambano haya kitaifa.

Sasa twende kwenye kisu. Korodani imezungukwa na kifuko chembamba chenye majimaji kidogo, yanayotengenezwa na kufyonzwa kila siku. Minyoo wakubwa wanapenda kukaa kwenye mishipa ya limfu ya sehemu hiyo. Wanaitanua, na wakifa wanaleta uvimbe. Maji yanatengenezwa lakini hayaondoki vizuri. Ndilo busha hilo.

Tiba ya zamani ilikuwa kutoboa na kunyonya maji. Mgonjwa anatoka mwepesi, anafurahi, halafu baada ya muda busha limerudi. Si ajabu: umemwaga maji, kifuko umekiacha. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa upasuaji wa Ulaya, akiwemo Jaboulay wa Lyon, walianza kukipasua kifuko na kukigeuza ndani nje, kama unavyogeuza mfuko wa suruali. Upande unaotoa maji ukigusana na nyama za pembeni, maji yanafyonzwa. Mwaka 1964 Mwingereza Peter Lord akaleta njia ya kukikunja kifuko kwa nyuzi bila kukichimbua sana, damu isivuje. Hiyo inafaa kifuko chembamba. Busha la minyoo lililokaa miaka mingi lina kifuko kinene, kwa hiyo mara nyingi daktari hukata na kukitoa sehemu kubwa.

Halafu vikaja vidonge. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza Mafia mwaka 2000, na Tanga ikafikiwa mwaka 2004: ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka. Dawa inamaliza minyoo wachanga kwenye damu, mbu anakosa cha kubeba, na mtoto wa jirani anapona kabla hajaugua. Ni ushindi mkubwa. Lakini kidonge hakikaushi busha ambalo tayari lipo. Mzee aliyemeza dawa kila mwaka aliendelea na mzigo wake.

Kwa nini kisu kilichelewa? Kidonge anagawa mhudumu wa kujitolea wa kijijini, akiwa na fimbo ya kupimia urefu tu. Upasuaji unataka chumba, daktari, ganzi, nauli, na siku za kupumzika kwa mtu anayekula alichovua leo. Juu ya hapo kuna aibu, na hofu kwamba ukipasuliwa uanaume umekwisha. Ndiyo maana kambi za upasuaji wa mabusha zilisaidia sana: wanaume wanakwenda kwa kundi, na aliyepona anarudi kumshawishi mwenzake.

Hofu hiyo ina jibu. Kinachoguswa ni kifuko, korodani inabaki mahali pake. Kwa hiyo kama una babu, baba au mjomba anayejificha na msuli wake, mwambie hivyo, taratibu na kwa heshima, kisha mpeleke hospitali. Na utani wa madafu tuuache.