Mhadzabe hachezei upinde wake kamari

Nimeadimika kidogo, kazi za gazeti zilinibana na nyumbani nako kulikuwa na mambo. Leo naomba tuzungumze historia. Ni historia ya upinde na mshale, na ya kamari, ila inaanzia hapa hapa kwetu Mtwara, chini ya mwembe wa mama yangu mkubwa.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024 nilikuwa kijijini, njia ya kwenda Kilambo kwenye kivuko cha Mto Ruvuma. Mwezi wa nane kwa watu wa kusini si mwezi wa mchezo. Mikorosho inatoa maua, na ubwiriunga ukiwahi maua, mwaka mzima umekwenda. Kila nyumba inahangaika na salfa, na mashine ya kupulizia, na petroli ya mashine, na kijana wa kuibeba mgongoni.

Nikamkuta mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, kainamia simu.

"Shikamoo kaka. Njoo uone. Leo huyu Mmarekani ananitoa."

"Marahaba. Mmarekani gani?"

"Ellison. Wa mishale."

Nilicheka. Kijana wa mpakani na Msumbiji, ambaye hajawahi kushika upinde tangu ile manati yake ya utotoni ipotee, anamshangilia mlenga shabaha wa Arizona! Lakini sababu ilikuwa wazi. Ligi kubwa za Ulaya zilikuwa bado hazijaanza, na mtu aliyezoea kubeti hakai bure mwezi mzima. Vijana walihamia kwenye Olimpiki ya Paris. Tenisi wakabeti, kikapu wakabeti, mwisho wakafika kwenye mishale. Huyu wangu alikuwa amefanya utafiti kabisa. Alijua kwamba Brady Ellison anacheza Olimpiki yake ya tano, kwamba alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2019, na kwamba mwaka huo huo kule Lima alipata pointi 702 kati ya 720, rekodi ya dunia.

Fainali ilikuwa kati yake na Kim Woo-jin wa Korea Kusini. Wanasimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, na duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 12 na ushee tu. Walipiga seti tano wakatoka sare, 5 kwa 5. Ikabaki mshale mmoja mmoja. Kim akapiga 10. Ellison naye akapiga 10. Ikabidi wapime mshale upi uko karibu zaidi na katikati. Wa Kim ulikuwa karibu kwa milimita 4.9.

Milimita 4.9, ndugu msomaji! Haifiki hata unene wa kalamu. Mkeka ukachanika. Mdogo wangu akaweka simu chini, akanyamaza. Baadaye usiku ndipo akaniambia ile shilingi elfu hamsini ilikuwa ya nini. Ilikuwa petroli ya mashine na ujira wa mpuliziaji.

Sikulala vizuri. Nikawa najiuliza, hivi upinde na kamari vilikutana wapi? Na sisi tumeingiaje?

Tuanze na hao Wamarekani. Baada ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865, ndugu wawili waliokuwa askari wa upande ulioshindwa, Maurice na Will Thompson, waliingia mapori ya Florida wakawa wanawinda kwa pinde. Maurice aliandika kitabu kuhusu mambo hayo mwaka 1878, watu wakashikwa na hamu, na mwaka 1879 chama cha taifa cha walenga mishale kikaundwa. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika St. Louis mwaka 1904, walioshindana kwa mishale walikuwa Wamarekani watupu, na Will Thompson, mzee wa miaka hamsini na kitu, akarudi na medali.

Lakini mwezi mmoja kabla, tarehe 12 na 13 Agosti 1904, mji huo huo ulikuwa na mashindano mengine ambayo hatuambiwi sana. Waandaaji waliyaita Siku za Anthropolojia. Waliwachukua watu waliokuwa wameletwa kwenye maonyesho ili watazamwe, wakiwemo Mbilikimo kutoka Kongo, wakawashindanisha kukimbia, kurusha mkuki na kulenga mishale. Hawakuwa wamepewa mazoezi yoyote ya michezo ile. Walipofanya vibaya, mkuu wa michezo, James Sullivan, akatangaza kwamba sifa za hao "washenzi" zilikuwa zimetiwa chumvi. Mmoja wa Wakongo wale, Ota Benga, mwaka 1906 aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, akiwa na upinde na mishale yake ili watu waje kumtazama. Alijiua mwaka 1916. Mwenye upinde alikuwa yeye, lakini faida ilikwenda kwa wengine. Naomba tulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Na huku kwetu? Wakati Wamarekani wanagawana medali za St. Louis, kusini mwa nchi yetu upinde ulikuwa bado chombo cha kazi. Mwaka uliofuata, Julai 1905, vita ya Majimaji ililipuka kule Nandete, kwenye milima ya Umatumbi. Ilishuka upesi mpaka kwetu, na kabla mwezi Agosti haujaisha misheni ya Waingereza pale Masasi ilikuwa imechomwa moto. Babu zetu walikwenda na magobori, mikuki, na pinde, wakiamini maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yatageuza risasi kuwa maji. Wajerumani walikuwa na bunduki za rasharasha. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

(Ndiyo, tarehe ile ile ya fainali ya Paris, miaka 119 kabla. Nimeligundua hili wakati naandika.)

Kilichoua watu wengi zaidi si risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, ili njaa imalize kazi. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Walionusurika walitakiwa kusalimisha silaha, na nyingi kati ya hizo zilisafirishwa Ulaya. Zipo hadi leo katika makumbusho ya Berlin. Zikaja na sheria za wanyamapori za Mjerumani kisha za Mwingereza, na mtu aliyekuwa anaitwa mwindaji akaanza kuitwa jangili. Kwa hiyo ukiona kijana wa Ruvuma hajui kushika upinde, usimcheke kama nilivyomcheka mimi. Si kwamba tuliusahau. Tulinyang'anywa.

Sasa kamari. Hapa kuna jambo lililonichekesha. Mwaka 1541, Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alipitisha sheria ya kupiga marufuku karata, dado, na michezo mingine ya kupoteza muda. Sababu? Vijana walikuwa wanacheza kamari badala ya kufanya mazoezi ya upinde, na mfalme alihitaji wapiga mishale wa vitani. Sheria ya kukataza kamari ilitungwa ili kulinda upinde! Ilidumu muda mrefu ajabu, na vipande vyake vya mwisho vilifutwa mwaka 1960 tu.

Mwingereza alipotutawala alikuja na desturi hiyo ya kuona kamari kuwa kosa, na Kanuni ya Adhabu ya 1930 ikawa na vifungu vyake vya nyumba za kamari. Baada ya Uhuru tukawa na sheria ya bahati nasibu mwaka 1967, na ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974. Kisha ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Namba 4 ya 2003, iliyounda Bodi tuliyo nayo sasa. Inaruhusu kubeti kwa leseni, na inakataza aliye chini ya miaka 18. Halafu ikaja simu yenye pesa ndani yake, na nyumba ya kamari ikahamia mfukoni.

Wapo watu ambao kubeti mishale kwao ni jambo la kila siku. Kule Shillong, kaskazini mashariki mwa India, Wakhasi hukusanyika alasiri, walenga mishale wapatao hamsini wanapiga mamia ya mishale kwenye shabaha moja, kisha mishale iliyochoma inahesabiwa. Tarakimu mbili za mwisho ndizo namba ya ushindi. Serikali ya jimbo imeiruhusu tangu 1982. Lakini angalau Mkhasi anaweza kwenda uwanjani akauona mshale ukiingia. Mdogo wangu aliona picha inayokwamakwama.

Nilipofika hapo ndipo nikakumbuka kitu nilichokisoma chuo. Hatuna haja ya kwenda India wala Uingereza. Nchi hii hii, kando ya Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, wanaoishi kwa upinde mpaka leo, na wanacheza kamari. Na dau lao ni mishale!

Mchezo wenyewe unaitwa lukuchuko. Kila mwanamume ana kisahani chake cha gome la mti, na kuna kingine kikubwa. Vinarushwa pamoja vigonge shina la mti, na namna vinavyoanguka, upande gani juu na upande gani chini, ndiyo inayoamua nani kala. James Woodburn, mtafiti aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1982 kwamba wanaume walitumia muda mwingi zaidi kwenye kamari kuliko kuwinda wanyama wakubwa. Msidhani nawasifu bure. Mtu aliweza kuliwa mishale yake yote ya chuma yenye sumu, akabaki hawezi kwenda kuwinda pofu wala twiga.

Lakini Woodburn aliona mambo mawili, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

La kwanza, kuna vitu ambavyo haviwekwi dau kabisa. Upinde wa mtu hauwekwi. Mishale yake ya kawaida ya ndege na wanyama wadogo haiwekwi. Mkoba wake wa ngozi hauwekwi. Hata aliyeliwa vyote anaamka asubuhi akiwa na kitu cha kumpatia kitoweo.

La pili, kilicholiwa hakiondoki. Mshale wangu leo uko kwako, kesho kwa shemeji yako, keshokutwa umerudi kwangu. Woodburn aliona kwamba kamari ile ilikuwa njia mojawapo ya kuzungusha mali, ili asitokee mmoja wa kulimbikiza akawa bwana wa wenzake.

Sasa linganisha na sisi. Mdogo wangu aliweka nini? Hakuweka pesa ya ziada. Aliweka petroli ya mashine, mwezi wa nane, maua yakiwa mtini. Na elfu hamsini yake ilikwenda wapi? Haikwenda kwa jirani ambaye kesho atatukopesha jembe. Iliondoka kijijini kwa sekunde mbili na haina njia ya kurudi, labda kidogo kupitia kodi. Kama Ota Benga, mwenye shida ni sisi, na faida iko kwa anayetutazama.

Najua wapo watakaosema kamari yote ni haramu na mjadala uishe hapo. Kwa dini sawa, siwapingi. Lakini nimekaa na vijana wa Mtwara, na mahubiri wameyasikia sana. Mtu asiye na ajira, anayesubiri mnada wa korosho mpaka Oktoba, haachi kubeti kwa sababu umemwambia ni dhambi. Pengine atasikia ukimuuliza swali la Mhadzabe: upinde wako ni upi? Kila mtu anao. Kwa bodaboda ni pikipiki na mafuta ya kesho, kwa mvuvi wa Msimbati ni nyavu, kwa mwanafunzi ni ada. Hicho ukishakijua, usikiguse.

Salfa ilipulizwa kwa kuchelewa siku tisa. Nilimkopesha, tukamdanganya mama mkubwa kwamba mashine iliharibika, na hilo nalijutia. Miti ya upande wa bondeni haikuzaa vizuri mwaka ule. Sitasema ni sababu ya zile siku tisa, kwa sababu wengine waliowahi nao walilalamika.

Msimu uliofuata nilimsimulia habari hii ya Eyasi, kama nilivyowasimulia nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hata aliyeliwa kabisa, upinde anarudi nao nyumbani?"

"Anarudi nao."

"Basi mimi niliuweka."

Sikumwongezea neno. Ndiye aliyeniruhusu niandike, kwa sharti nisimtaje jina, na kwamba kwanza aende mwenyewe kwa mama yake akamwambie ukweli kuhusu ile mashine. Alikwenda Jumamosi iliyopita.

Tafakari. Nawasilisha.