Bwana Msa na Rafu za Kaloleni

Dai limezoeleka kwamba hadithi ya uhalifu ya Nairobi lazima iwe ya bunduki. Wanaolishikilia hutaja My Life in Crime ya John Kiriamiti (1984), kisha huielekezea kidole Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, kana kwamba huko fumbo la upole halina pa kukaa. Dai hilo halina mashiko. Ushahidi uko katika ukurasa ambao wasomaji wengi huuruka: ule wenye jina la mchapishaji.

Chukua Siri ya Sifuri ya Muhammed Said Abdulla. Mwandishi ni Mzanzibari na mpelelezi wake, Bwana Msa, ni wa huko huko. Hata hivyo kitabu kilichapishwa Nairobi, na East African Publishing House, mwaka 1974. Duniani Kuna Watu kilikuwa kimetangulia 1973. Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) vikafuata kwa mchapishaji yule yule. Hata riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la 1957 na 1958 la East African Literature Bureau, shirika lenye makao Nairobi, lililoichapisha 1960. Katika riwaya saba za Bwana Msa, angalau tano zilitoka katika jiji hili.

Wapo wahakiki wanaomwona Bwana Msa kuwa kivuli cha Sherlock Holmes. Kiko anacho, na rafiki wa kumfuata, Najum, anaye. Lakini tazama anavyofanya kazi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Ali bin Bakari anakutwa amekufa penye mzimu, watu wananong'ona habari za mashetani, naye Msa anauliza habari za nasaba, urithi na siri za nyumbani. Jamaa yake wa karibu zaidi ni yule bibi wa kijijini, Miss Marple, ambaye Agatha Christie alimpa maiti ya maktabani katika riwaya ya 1942. Wote wawili hutegua fumbo kwa kuwajua majirani. Na nani anawajua majirani kuliko mkazi wa Kaloleni, Jericho au Bahati, ambako kuta zimeshikana na habari husafiri kabla ya mwenyewe kufika?

Kilichokosekana ni mlango wa kuvifikia vitabu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao, na Mwafrika akaruhusiwa kuingia 1958. Kwa hiyo shindano lile lilipotangazwa, msomaji wa Eastlands alikuwa bado amefungiwa nje ya maktaba kubwa ya jiji lake. Matawi ya maktaba hiyo ya Kaloleni na Makadara ndiyo yaliyosogeza rafu hadi mtaani. Kisha ikafuata miaka ya uchakavu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati matawi hayo.

Majengo yamepona, sasa rafu nazo zitibiwe. Riwaya zote saba ziwekwe Kaloleni na Makadara, mahali ambapo mtoto anazifikia kwa mkono. Nawe kijana wa Eastlands mwenye kalamu, fumbo lako lipo: mkutubi anayejua nani aliazima nini, na kwa nini kitabu kimoja hakikurudi. Liandike kwa Kiswahili.