Tarehe ya Chapati na Bajia za Mafia, na Haki ya Chole

Lipo dai linalorudiwa kila kinapotajwa chakula cha Wahindi katika Afrika Mashariki: kwamba chapati, sambusa na bajia ziliteremka Mombasa pamoja na vibarua wa reli ya Uganda. Wenye dai hilo wana tarakimu mkononi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi wapatao 32,000 kutandika reli hiyo, na kama 6,700 kati yao hawakurudi kwao. Watu wa Nairobi wana haki ya kulisema hilo kwa ajili ya Nairobi, kwa kuwa mji wao wenyewe umezaliwa na reli. Lakini kisiwa cha Mafia hakijapata kuwa na reli hata hatua moja, na chapati ipo, sambusa ipo, bajia ipo. Kwa hiyo tarehe hii inaandikwa ili heshima irejeshwe kwa wenyewe, nao ni watu wa pwani na visiwa, na kwa upande wa Mafia ni Chole.

Mpangilio wa miji ya Mafia unajulikana. Tarehe ya Kilwa inasema mtawala wa kwanza wa Mafia alikuwa Bashat, mtoto wa sultani aliyeanzisha Kilwa. Kisimani Mafia ilisimama kwenye ncha ya magharibi, ikafanya biashara na kupokea fedha za shaba za Kilwa, kisha bahari ikala sehemu yake kubwa. Kua ilisimama katika kisiwa cha Juani. Halafu ikaja Chole, na Chole ndiyo habari yetu.

Kabla ya kuifikia, lazima atajwe mgeni mmoja. Mwaka 1331 Ibn Battuta alishuka pwani hii kwa jahazi, akapita Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa. Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha nyama, kuku na samaki. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mtindi pamoja na ndimu za kutiwa chumvi, pilipili manga zilizolowekwa kwa siki, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kuwa embe changa ni chachu kama ndimu, nazo huhifadhiwa kwa siki. Yeyote aliyekulia Kilindoni hapa Mafia akisoma sahani hiyo ataitambua achari bila kuonyeshwa. Miaka michache baadaye msafiri huyohuyo alifika Delhi, na huko akala sambusa: nyama ya kusaga yenye lozi, kitunguu na viungo, imefungwa katika unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Sambusa yenyewe ilifika India kutoka Uajemi. Kwa ushahidi wa sahani ile ya Mogadishu, ladha ya achari ilikuwa imekwisha kukaa pwani hii miaka 565 kabla ya kibarua wa kwanza wa reli kushika sururu. Na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wapo, wana vyombo vyao bandarini.

Chole ilipata ukubwa wake kwa msiba wa Kua. Na hapa haifai kupita bila kusimulia, maana ndiyo habari kubwa kuliko zote za visiwa hivi, na tena ni habari ya karamu.

Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa, wakalazwa mchangani, na jahazi likasukumwa juu ya miili yao kana kwamba ni magogo. Watu wa Kua walirudi kwao wasiseme neno. Wakangoja mpaka wenzao wakaamini kwamba jambo limesahaulika. Ndipo wakapeleka mwaliko wa harusi. Karamu ilitandikwa katika chumba cha chini ya ardhi, watu wa Kisimani wakaingia, wakakaa, wakala na kuimba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hadi akabaki mzee mmoja tu wa Kua akiwaburudisha wageni, aliyekubali kufa nao. Mlango ukajengwa kwa mawe. Wazee wa Juani wanasema mifupa yao imo humo hadi leo. Na kwa kuwa damu haipotei, Kua nayo ililipwa: katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walikuja kwa mitumbwi themanini, wakaiteka, wakaua na kuchukua watumwa, na waliosalia wakatawanyika. Askari wa Sultani Sayyid Said waliwafuata wavamizi hao baharini wakawakamata, lakini mji haukuinuka tena. Magofu ya misikiti na jumba lake yamesimama Juani, na mgeni akifika huonyeshwa.

Baada ya hapo watu wa Sultani waliujenga mji mpya katika kisiwa kidogo kati ya Juani na Mafia kuu, na huo ndio Chole Mjini. Waarabu wenye mashamba ya minazi walijenga nyumba za mawe hapo, ingawa mashamba yao yalikuwa ng'ambo. Nyuma yao wakaja Wahindi, na mitaa ikapata maduka.

Upepo ndio uliopanga yote haya. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi ya Kachi na Gujarat hushuka. Kusi inapoanza hupanda kurudi. Walishusha nguo, mchele, samli na nafaka za kwao, wakapakia nazi, pembe na kauri. Ngano haioti Mafia. Kila chapati iliyowahi kusukumwa kisiwani humu, tangu ya kwanza hadi ya asubuhi ya leo, unga wake umevuka maji, na hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba chapati ni mtoto wa bandari.

Ushahidi mkubwa wa Chole ni hekalu. Magofu ya hekalu la Wahindu yangalipo kisiwani, mizizi ya mti imeshuka juu ya kuta na kuzikumbatia. Hekalu halijengwi na mpita njia anayengoja upepo ugeuke. Hujengwa na watu waliohamia, wenye jiko, wanaopika kila siku na kufanya sikukuu zao. Na Banyani, ndiye Mhindu huyo, hali nyama. Chakula chake ni dengu, unga, viazi, mboga na maziwa, na humo ndimo zilimotoka bajia na kachori. Bohora na Khoja ni Waislamu, wanakula nyama, na sambusa ya nyama, kababu na biriani ni sahani zao. Mji wa pwani wenye watu hao wote, pamoja na Waarabu wenye halua na kahawa na Waswahili wenye wali wa nazi, unakuwa na meza ambayo reli isingeweza kuifundisha kitu.

Zanzibar na Bagamoyo nazo zilikuwa na Wahindi wao. Jairam Shivji alikodi forodha ya Sultani. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Bagamoyo. Allidina Visram alifika Bagamoyo kijana mdogo mwaka 1863, akaja kujaza bara na maduka hadi Uganda. Habari zao zimeandikwa kwingine.

Mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani pamoja na mrima, kwa fedha alizolipwa Sultani, mark milioni nne. Walikaa Chole, na boma na gereza lao ni magofu sasa. Mwaka 1913 wakahamisha makao kwenda Kilindoni, ambako meli kubwa zingeweza kutia nanga, na maduka yakafuata serikali. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa. Kwa kuwa maduka yalihamia huko, leo kijana wa Kilindoni anadhani bajia ni ya Kilindoni. Kilindoni ilirithi. Aliyerithi nyumba asijiite mjenzi.

Sasa lisemwe jambo ambalo wenye kusifu Wahindi peke yao hulisahau. Chakula kilichokuja si hiki tulicho nacho. Kilipita mikononi mwa wanawake wa pwani na wakakifanya upya. Gujarat husukuma mkate mwembamba mkavu. Chapati ya pwani hukandwa kwa maji ya moto na mafuta, husukumwa, hupakwa mafuta tena, husokotwa na kuviringwa, huachwa ipumzike, ndipo isukumwe mara ya pili na kuwekwa juu ya tawa. Ikiiva inaachana tabaka kwa tabaka. Bajia ya Mhindi ni ya unga wa dengu. Pwani ikachukua kunde, ikaziloweka usiku, ikazimenya maganda, ikazisaga na kitunguu na pilipili, na bajia za kunde zikawa za kwetu. Pilipili yenyewe, viazi na muhogo vimetoka Amerika kwa vyombo vya Wareno, kwa hiyo hata kachori ya viazi haina mzizi mmoja. Manda za sambusa husukumwa nyembamba, hupashwa moto kidogo, hukatwa, hukunjwa pembe tatu na kugandishwa kwa uji wa unga. Kazi hii katika Ramadhani hujaza nyumba nzima, mama, binti na shangazi, tangu baada ya adhuhuri hadi futari.

Na juu ya yote hayo ni nazi. Mafia ni nchi ya minazi, na nazi zake hupakiwa kwenda Dar es Salaam. Chatini ya nazi inayomwagwa juu ya bajia, nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kusagwa na ndimu, pilipili na kitunguu saumu, ndiyo inayoigeuza bajia kavu kuwa chakula cha pwani. Anayekula bajia na chatini Kariakoo huenda anakula nazi ya Mafia bila kuambiwa.

Urojo una fahari yake Unguja, na hauwezi kunyang'anywa. Rojo la unga, manjano na embe mbichi, ndani yake viazi, bajia, kachori, mishkaki na yai, juu yake chatini na vipande vya muhogo wa kukaanga: huo ni ubunifu wa Waunguja. Dar es Salaam wanauita miksi. Yupo mtu mmoja ambaye habari yake yafaa kukumbukwa katika tarehe hii. Said Salim Bakhresa, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1949, husimuliwa kuwa aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akauza miksi ya viazi, kisha akafungua mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Leo kampuni yake ni kati ya wasagaji wakubwa wa ngano katika ukanda huu. Sahani ya barabarani ilizaa kinu, na kinu kinalisha tawa za chapati za pwani na bara.

Huko bara, Uganda wana rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, nyanya na kabichi. Ilianza kwa wauzaji wa Busoga, ikashika Wandegeya kwa wanafunzi wa Makerere, na mwaka 2016 Kampala ilifanya tamasha lake la kwanza.

Kisha vyakula hivi vikasafiri mara ya pili, na safari hii haikuwa ya upepo. Mwaka 1956 Laxmishanker Pathak, mzaliwa wa Gujarat aliyekuwa Kenya, alihamia London na familia yake, akaanza kuuza sambusa na vitamu vilivyopikwa katika jiko la nyumbani. Kutoka hapo ikatokea Patak's, ambayo mwaka 2007 ilinunuliwa na Associated British Foods. Wahindi wengi wa Kenya walifuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha majumba, na wengi wakafunga mizigo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na kama 27,000 wakaingia Uingereza, wengi Leicester na London.

Walichobeba hakikuwa chakula cha Gujarat peke yake. Katika Ealing Road, Wembley, wateja hukaa Maru's Bhajia House kula bajia za Maru, vipande vyembamba vya viazi vilivyotiwa unga wa dengu, kama zilivyopikwa Nairobi. Karibu nao muhogo unakaangwa kwa pilipili na kuuzwa kwa jina la mogo, na Mwingereza anauagiza akidhani ni chakula cha India. Mchuzi wa kuku paka, wenye tui la nazi la pwani, umo katika vitabu vya mapishi vya Waismaili wa Canada. Muscat, waliorudi kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 wanakaanga maandazi na kuchoma mishkaki jioni. Nazi, muhogo na kunde za pwani zimekwenda na sambusa hadi London, na Wahindi wenyewe ndio waliozipeleka, kwa sababu baada ya vizazi vitatu au vinne walikuwa hawawezi tena kula bila hivyo.

Mafia yenyewe imepata walaji wapya tangu Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995. Wageni hufika Utende kupiga mbizi katika Ghuba ya Chole, na kati ya Oktoba na Machi hupanda boti kutoka Kilindoni kuwaona papa potwe. Baadhi yao huvuka hadi Chole, hutembezwa kwenye magofu ya gereza, hupigwa picha chini ya mizizi ya hekalu, kisha hurudi ng'ambo kwa chakula cha mchana. Waelekezaji huwaeleza habari za Wajerumani na za popo wanaoishi Chole. Habari ya jiko la Chole nayo iingizwe katika maelezo hayo, na penye hekalu pawekwe meza ya bajia za kunde na chatini ya nazi. Unga utatoka Dar es Salaam kupitia bandari ya Nyamisati kama mizigo mingine. Nazi na kunde zipo kisiwani.