Kodi za Gita: Vile Utabadilisha Bila Kukwama
Hapa si kodi ya mwenye ploti. Ni ile ya gita: C unashika poa, Am pia, lakini kutoka moja hadi ingine ngoma inasimama na wasee waliokuwa wanaimba wanaanza kuangaliana.

Shida ni kuinua vidole vyote. C na Am zinatumia cha shahada na cha kati palepale. Viache. Sogeza cha pete pekee, kutoka waya ya tano freti ya tatu hadi waya ya tatu freti ya pili. Basi.

Weka simu dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi. Ukigonga 60 na zinalia safi, uko fiti. Mkono wa kupiga usingoje; hata kodi ikichelewa, biti iendelee.

F achana nayo kwanza.