Rahani ya Mikarafuu: Nani Alikuwa Mkopeshaji wa Haki?



Kila tunapokutana Wazanzibari hapa London, iwe harusini au matangani, mazungumzo ya zamani hayachelewi kufika kwenye deni la mashamba. Na kila mara husikia majibu mawili yale yale. Wa kwanza atasema: Mhindi ndiye aliyewamaliza wenye mashamba kwa riba. Wa pili atajibu: hapana bwana, wenye mashamba walijimaliza wenyewe kwa harusi, nguo na anasa, wakakopa bila hesabu. Methali yetu inajulikana, kukopa harusi kulipa matanga. Mimi naona majibu yote mawili yanatupa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Hebu tuitazame kesi yenyewe, maana haijafungwa. Jamaa zetu mashambani bado wanatafuta mtu wa kuwakopesha kwa haki, na baadhi yetu huku ughaibuni tumekuwa wakopeshaji wenyewe, tupende tusipende.

Tuanze na mkarafuu. Mti huu huchelewa kuzaa, na ukishakua hauna uaminifu: mwaka huu unajaa, mwakani hautoi kitu, na mavuno makubwa huja baada ya miaka kadhaa. Lakini matumizi ya shamba hayasubiri. Lazima kupalilia kabla ya msimu. Karafuu zikiwa tayari hazina subira, zinachumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kisha kuchambua makonyo, kisha kuanika kwenye majamvi siku kadhaa huku mtu anaangalia mawingu. Wachumaji wanataka ujira wao wakati huo huo, na mwenye shamba hana senti mpaka karafuu zikauke na kuuzwa. Kwa hiyo hata mwenye shamba mwangalifu kabisa, asiyejua anasa, alihitaji mkopo kila msimu.

Juu ya hilo yakaja mapigo mawili. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi. Kupanda upya kulihitaji fedha na miaka ya kungoja. Kisha 1897 utumwa ukafutwa kisheria, na mwenye shamba aliyezoea kazi ya bure (bure kwake yeye, si kwa yule aliyeifanya) ikabidi alipe wachumaji taslimu. Fedha zikatoka wapi? Benki ya kumkopesha mkulima wa Chake Chake au Mkokotoni haikuwapo. Aliyekuwapo ni mwenye duka.

Sasa tuje kwenye mkopo wenyewe. Riba ni haramu katika Uislamu, na wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu. Ukatumika mlango unaojulikana kwa jina la bei ya khiyari. Tuseme fulani anahitaji rupia 1,000. Kwenye karatasi hakopi, anauza shamba lake kwa rupia 1,000, akibaki na khiyari ya kulirudisha akileta fedha hizo kabla ya muda kwisha. Siku hiyo hiyo anapangishwa shamba lake mwenyewe, tuseme kwa rupia 10 kwa mwezi. Kodi hiyo ndiyo riba iliyovaa kanzu: rupia 120 kwa mwaka, asilimia 12, na ile elfu moja bado iko pale pale. Fahad Bishara, katika kitabu chake cha 2017 kiitwacho A Sea of Debt, ameonyesha jinsi hati za namna hii zilivyounganisha Oman, Zanzibar na bara Hindi.

Wakati wa Masultani wa mwanzo mpango huu haukuwa mbaya sana kama unavyosikika leo. Mfanyabiashara hakulitaka shamba, alizitaka karafuu. Angelifanya nini na mikarafuu bila wachumaji? Deni likawa kama kamba ya kumfunga mkulima auze kwake, nalo liliweza kusogezwa mwaka hadi mwaka, hata baba kwa mwana. Mambo yalibadilika baada ya Himaya ya Kiingereza ya 1890. Mahakama mpya zikaisoma karatasi kama ilivyoandikwa na kutekeleza tarehe kama ilivyowekwa. Deni lililokuwa uhusiano likawa hukumu, na baada ya hukumu unakuja mnada.

Lakini tumtendee haki na mwenye duka. Yule Mhindi wa shamba, mwenye kibanda cha mchele, mafuta ya taa na kaniki, mara nyingi naye alikuwa mdaiwa. Bidhaa alipewa kwa mkopo na tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini alikuwa na madeni yake Bombay au benki. Karafuu zisipozaa, mnyororo mzima ulitikisika. Riba aliyoitoza ilikuwa na riba ya wengine ndani yake, pamoja na hofu ya kutolipwa. Sisemi alikuwa malaika. Aliyekuwa mkopeshaji, muuzaji wa chakula na mnunuzi wa mazao kwa wakati mmoja aliweza kumkamata mkulima sehemu tatu, na mizani ilikuwa dukani kwake. Nasema tu kwamba tatizo lilikuwa kukosekana kwa duka la pili, wala halikuhusu kabila la mwenye duka la kwanza.

Serikali ya kikoloni haikuliona hivyo. Mdororo wa uchumi wa dunia uliposhusha bei ya karafuu mwanzoni mwa miaka ya 1930, madeni yakawa hayalipiki. Akaletwa C. F. Strickland, mtaalamu wa ushirika aliyefanya kazi Punjab, akaandika ripoti yake 1932. Wakafuata Bartlett na Last na uchunguzi wao juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934, Balozi akiwa Sir Richard Rankine na Sultani akiwa Seyyid Khalifa bin Harub, zikatoka amri kwa mkupuo: ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishiwe mtu asiyekuwa Mwarabu wala Mwafrika bila ya idhini, wakopeshaji wadhibitiwe, madai ya madeni ya mashamba yasimamishwe kwa muda, na Chama cha Wakulima wa Karafuu kiwekwe kisheria, kile wazee wetu wanachokiita CGA mpaka leo.

Msomaji wa historia ya India ataitambua sura ya amri ile ya ardhi. Mfano wake ni sheria ya Punjab ya 1900, iliyogawa watu kwa makabila "ya wakulima" na yasiyokuwa ya wakulima. Dawa ya Punjab ikapakiwa jahazini ikaletwa Unguja. Na kwa vile ilitibu deni kwa kipimo cha rangi ya mtu, ikalitia sumu suala ambalo kwa asili yake lilikuwa la hesabu.

Matokeo yake yakawaje? Mkopeshaji aliyejua kwamba hataweza kushika shamba akafunga mkoba. Haikuwa ajabu. Ukiondoa dhamana bila kuleta mkopeshaji mwingine, umemlinda mkulima asinyang'anywe shamba, na papo hapo umemnyima ujira wa wachumaji. CGA ilikusudiwa kuziba pengo hilo, kukopesha wakati wa mavuno na kununua karafuu. Ila jina "chama cha wakulima" lilikuwa kubwa kuliko ukweli wake, kwani kilisimamiwa na serikali kutoka juu. Mkulima hakukijenga kwa hisa zake wala hakumchagua msimamizi.

Wahindi wa Zanzibar wakalalamika kwao. Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon 1934 kuchunguza, naye akaona amri zile zimewaelemea Wahindi. Mwaka 1937, baada ya ripoti ya Binder ya 1936, CGA ikapewa udhibiti wa biashara ya karafuu. Hapo Congress ya India ikatangaza kususia karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Mgogoro ukaendelea mpaka mapatano ya 1938, wafanyabiashara wakarudi sokoni kwa masharti ya kununua sehemu ya karafuu kutoka CGA. Mwaka huo huo ikatoka amri ya kusuluhisha madeni ya zamani: baraza likague kila rahani, serikali imlipe mdai kilichoonekana ni halali, na mdaiwa airudishie serikali kwa awamu. Hii ya 1938 ndiyo ninayoiona ya busara kuliko zote, maana mtu alikaa na kila deni akauliza: ulipokea kiasi gani hasa, na umeshalipa kiasi gani? Laiti wangalianza na hapo.

Bara walikuwa na njia yao. Tanganyika ilitunga sheria 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya ofisa wa serikali, hawezi kudai mahakamani. Iliitwa ulinzi, lakini kwa kweli iliwafungia Waafrika mlango wa mikopo ya biashara kwa miongo kadhaa. Tofauti ikatokea Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu 1925, na baada ya sheria ya ushirika ya 1932 wakawa na KNCU mwaka 1933. Nayo serikali iliweka mkono wake, tusijidanganye, lakini chini yake palikuwa na vyama vya msingi vya watu waliojuana kwa majina na kwa vihamba. Hicho ndicho Unguja na Pemba walichokikosa.

Nimetaja yote haya kwa sababu mwaka juzi mtoto wa ami yangu, yuko karibu na Wete, alinipigia. Karafuu zilikuwa bado changa mtini. Mtu mmoja alikuwa tayari kumpa fedha pale pale, kwa sharti kwamba mavuno yote ya miti ile ni yake kwa bei wanayokubaliana siku hiyo. "Kaka," akaniambia, "ada za skuli hazingoji karafuu zikauke." Nikamwuliza bei. Ilikuwa chini mno kuliko bei ya kituo cha serikali msimu uliopita. Nilikuwa nimetoka kusoma mambo ya 1934, nikahisi nasikia karatasi ile ile ikisomwa kwa sauti nyingine.

Tukachangishana hapa ndugu watatu, tukamtumia fedha za ada na za wachumaji kama mkopo, tukaandika. Naye akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na zisipozaa?" Hapo nikanyamaza kidogo, maana sasa mdai ni mimi. Tukakubaliana hivi: zisipozaa, deni linasogea msimu mmoja bila nyongeza, na hakuna mti unaowekwa rahani. Msimu ule zilizaa kiasi, akalipa sehemu kubwa, iliyobaki bado tunaidai. Dawa ya deni ni kulipa, naye anaijua.

Swali lake lilinifunza zaidi kuliko ripoti zote. Mkopeshaji wa haki atajulikana kwa jibu la swali hilo, kabla hatujafika kwenye riba. Nyongeza ni maswali mengine matatu. Je, anayekukopesha ndiye pia mnunuzi wako wa pekee? Je, unaweza kuijua jumla ya utakacholipa siku unapopokea? Na je, akikataa, una pa kwenda?

Msidhani maswali haya ni ya mashambani tu. Uingereza yenyewe ilitunga sheria ya wakopeshaji 1900, ikaikaza 1927 kwa kusema riba inayozidi asilimia 48 kwa mwaka ihesabiwe kuwa ya kupindukia mpaka mkopeshaji athibitishe vingine. Hata hivyo, karne hii tumeona katika mabasi na televisheni za London matangazo ya mikopo ya siku chache ambayo ukiihesabu kwa mwaka ilipita asilimia 5,000. Ikabidi Januari 2015 liwekwe dari: asilimia 0.8 kwa siku, na nyongeza zote zisizidi kiasi kilichokopwa. Wonga, kampuni iliyovuma kuliko zote, ikaanguka 2018. Waliokuwa wakikopa huko ni wasafisha ofisi, walezi wa wazee na madereva, yaani watu wa aina yetu. Kilichotusaidia wengi ni mchezo: watu kumi wanaoaminiana, kila mwezi mmoja anapokea.

Nyumbani nako, vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na ndugu zake, vimetokana na mtindo ulioanzia Niger 1991 katika mradi wa CARE na akina mama wa vijijini. Kikundi kinakopesha fedha zake chenyewe, na faida ya mkopo inarudi kwa wanachama wale wale. Vina mipaka yake: karafuu zikikataa kisiwa kizima, kikundi kizima kinakauka siku moja, kama mnyororo wa yule mwenye duka. Kwa hiyo bado panahitajika mfuko wa nje unaoweza kungoja mwaka mmoja mbaya. Zamani serikali ilisema itakuwa mfuko huo. Leo, kwa familia nyingi, mfuko huo ni sisi tulioko nje.

Basi wenzangu, tukirudi kwenye mabishano yetu ya harusini, naomba tuache kumtafuta mwenye kosa kwa kabila lake. Wenye hati za wazee wao ndani ya masanduku, za khiyari au za CGA, wazitoe tuzisome pamoja. Na tunaotuma fedha kwa jamaa, tukae nao tuandike kabla ya msimu: ni mkopo au ni zawadi, unarudi lini, na zisipozaa tutafanyaje.

Nawasilisha.

London