Mila, Zahanati na Siri: Historia ya Kusita kwa Wanaume Kutafuta Tiba ya Afya ya Uzazi Musoma, Bunda na Butiama

Mara nyingi inadaiwa kwamba wanaume wa Mara hukwepa hospitali kwa sababu ya mila: aliyetahiriwa bila kulia hawezi kulalamika mbele ya daktari. Ni kweli kwamba miongoni mwa Wakurya, Wazanaki na Waikizu, tohara na rika vimekuwa msingi wa heshima ya mwanaume. Hata hivyo, mila peke yake haielezi kwa nini mwanaume huyohuyo hupeleka jeraha au homa zahanati bila aibu, lakini huficha kisonono au upungufu wa nguvu za kiume. Makala haya yanatetea hoja kwamba kusita huko kumejengwa kihistoria, na kwamba mfumo wa afya wenyewe umechangia kukujenga.

Wakati wa ukoloni, migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, iliyomo leo katika Wilaya ya Butiama, iliwavuta wanaume mbali na familia zao. Katika ajira hiyo mwili wa mwanaume ulithaminiwa kwanza kama nguvukazi. Uzazi wake haukuwa jambo la mwajiri.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huduma za afya zilielekezwa vijijini. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Mada zake kuu zilikuwa malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Magonjwa ya zinaa hayakuwa miongoni mwake. Katika muongo huohuo, kliniki ya mama na mtoto ilikuwa uti wa mgongo wa zahanati. Mke alikuwa na kadi na siku yake ya kliniki. Mume hakuwa na kadi wala siku. Afya ya uzazi ikazoeleka kuwa shughuli ya wanawake.

Mabadiliko ya miaka ya 1990 yaliongeza umbali huo. Tiba binafsi iliruhusiwa tena mwaka 1991, na uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ukaanza mwaka 1993. Kwa mvuvi wa dagaa wa Musoma au mwambao wa Bunda, anayefanya kazi usiku na kulala mchana, duka la dawa lilikuwa karibu zaidi na halikumuuliza maswali.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mwenye malaria husema "naumwa". Mwenye tatizo la tendo la ndoa husema "nimepungukiwa nguvu". Ugonjwa hupelekwa kwa daktari, ilhali nguvu hutafutwa kwa mganga au muuza mizizi. Neno "hanithi" linataja hali ya mwili na papo hapo ni tusi. Anayejieleza kwa mhudumu analazimika kujitukana.

Gharama ya ukimya huu ni kubwa. Upungufu wa nguvu za kiume unaweza kuwa dalili ya awali ya kisukari au maradhi ya moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ulibaini tatizo hilo kwa zaidi ya nusu ya wanaume waliochunguzwa. Anayetuliza dalili kwa siri huuacha ugonjwa wenyewe uendelee.

Mkoa jirani wa Mwanza unaonyesha kwamba hali inaweza kubadilika. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watoa huduma wa vituo vya kawaida vya vijijini walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zikapatikana kwa uhakika na wananchi wakahamasishwa. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40. Matokeo hayo yasingepatikana kama wagonjwa wasingefika vituoni.

Hivyo basi, swali la kihistoria si kwa nini mwanaume wa Mara hakwenda zahanati tu, bali pia ni lini zahanati ilimtengea nafasi. Mtafiti anayeishia kwenye mila humbebesha mgonjwa lawama yote na kuiacha taasisi bila kuhojiwa.