Difu, Kona na Tope: Ugomvi wa Magurudumu Mawili

Fundi wa gereji akisema "difu" anamaanisha lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Historia ya hilo bonge ndiyo inayoeleza kwa nini gari lenye difu iliyolokiwa linaweza kukutoa kwenye tope saa nane mchana, halafu saa tisa likakutupa mtaroni ukiwa juu ya lami safi.

Kwanza hesabu kidogo, haiumi. Gari likikata kona, gurudumu la nje linasafiri mbali kuliko la ndani. Kama magurudumu ya nyuma yameachana mita 1.5, basi kwenye kona ya nyuzi 90 la nje litatembea takriban mita 2.36 zaidi. Ajabu ni kwamba haijalishi kona ni kali au pana, tofauti ni ileile. Kona kali inalidai deni hilo ndani ya mita chache, kona pana inakupa muda wa kulilipa.

Mlipaji ndiye difu. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, alisajili hataza yake mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Uingereza, mwaka 1877. James Starley wa Coventry alikuwa akiendesha na mwanawe William baiskeli ya magurudumu manne, wamekaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja akikanyaga pedali za gurudumu la upande wake. Inasimuliwa kwamba kijana alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko baba, chombo kikapinda na kuwaingiza kwenye vichaka vya upupu. Starley akaunganisha pande mbili kwa gia zinazogawa nguvu sawasawa huku kila gurudumu likizunguka kwa mwendo wake. Mwaka 1881 Malkia Victoria mwenyewe aliagiza vyombo vya Starley.

Kugawa sawasawa ndiko kunakoleta balaa. Difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu moja nguvu ya kusokota zaidi ya lile lingine. Tairi moja likiwa kwenye utelezi ambako halishiki kitu, lile lililo kwenye ardhi kavu nalo linapata kiasi hichohicho kidogo. Umeshaona lori limekwama, tairi moja linazunguka kama feni na jingine limetulia tuli? Hakuna kilichoharibika hapo. Difu inafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa.

Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza wa kampuni ya Frazer Nash waliamua kuachana nayo. Magari yao ya michezo yalikuwa na minyororo na ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, bila difu. Hiyo ni sawa na difu iliyolokiwa maisha yote, na kwa mtu anayetaka kujua tabia ya gari la namna hiyo barabarani, hayo ndiyo maabara bora.

Tabia yenyewe ina sura mbili, na ubaya ni kwamba zinapingana. Ukiingia kona polepole kwenye lami inayoshika, magurudumu yote mawili yanalazimishwa mwendo mmoja. La ndani linazunguka haraka kuliko barabara inavyotaka, kwa hiyo linasukuma mbele. La nje linazunguka polepole mno, linavuta nyuma. Jozi hiyo inaligeuza gari kinyume na usukani, na pua inataka kwenda moja kwa moja. Dereva anaongeza kukata usukani, tairi zinalia, hafu shafti zinabeba mzigo wa bure.

Sura ya pili inakuja kwenye lami iliyolowa au changarawe, ukikanyaga mafuta. Kwenye difu ya kawaida tairi la ndani lingezunguka bure na la nje lingeendelea kushika mkia wa gari. Kwenye difu iliyolokiwa yote mawili yanaweza kuteleza kwa pamoja, na tairi linalozunguka bure halina tena nguvu ya kuzuia kwenda upande. Mkia unatoka. Dereva ambaye sekunde mbili zilizopita alikuwa akipambana na pua isiyogeuka sasa ana usukani uliokatwa kupita kiasi na mkia unaokimbilia mtaroni. Kwa maoni yangu, mabadiliko haya ya ghafla ndiyo hatari kubwa kuliko sura yoyote ikiwa peke yake.

Ferdinand Porsche alikutana na tatizo upande wa pili: gari lake la mbio la Auto Union lilikuwa na nguvu nyingi mno, tairi moja la nyuma likawa linateleza. Kampuni ya ZF ya Ujerumani ikapewa kazi, na mwaka 1935 ikatengeneza difu inayojibana kiasi, isiyoachia kabisa wala kufunga kabisa.

Kwenye 4WD mambo yanazidi, maana ekseli ya mbele nayo husafiri mbali kuliko ya nyuma kwenye kona. Land Rover ya 1948 ilitumia kifaa kilichoruhusu magurudumu ya mbele yatangulie bila kupigana na ya nyuma. Audi Quattro ya 1980 iliweka difu katikati, ikampa dereva uwezo wa kuiloki hiyo na ya nyuma. Ya mbele haikuwa na loki.

Mercedes G ya 1979 ilithubutu kuweka hadi ya mbele. Matoleo yake ya baadaye yana swichi tatu zilizopangwa kwa zamu: katikati, nyuma, mbele. Ukifungua unarudi kinyume. Ya mbele ni ya mwisho kwa sababu ikilokiwa, magurudumu yaleyale yanayotakiwa kugeuza gari ndiyo yanayokataa kugeuka, na mfumo wa ABS hauwezi tena kuhudumia kila gurudumu peke yake, ndiyo maana huzimwa. Mashine hiyo imejengwa ikijua kwamba dereva aliyetoka topeni akiwa na furaha husahau swichi.